Rekodi ya Ewuaso Kedong

Morgan Odero alipindua gari kwa mara ya nne asubuhi hiyo, na mkewe akamwambia avae viatu.

"Baba Elsie, Mama ameshuka kwa stage. Nimemwitia boda. Unataka akupate hivyo?"

"Nipe dakika kumi, Adero. Kumi tu."

Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tisa. Saa sita kamili mchezo wake wa mbio za magari ungezimwa dunia nzima. Kampuni moja tajiri ya ng'ambo ilikuwa imenunua haki zote za mashindano halisi yaliyoigwa mchezoni: majina, magari, barabara, hadi vibandiko vya milangoni. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyatia kwenye mchezo, basi watengenezaji wadogo walioutengeneza wa Morgan wakaambiwa wafunge. Mwenye nguvu mpishe. Na katika mchezo mpya wa hao matajiri, Kajiado haikuwemo hata kwa dawa.

Lakini lililomnyima Morgan usingizi ni orodha ya washindi. Itakavyokuwa saa sita, ndivyo itakavyobaki milele. Na kwenye barabara ya Ewuaso Kedong huko Kajiado, kilomita kumi na mbili za vumbi na mawe, Morgan alikuwa wa pili. Wa kwanza, huu mwaka wa pili, alikuwa mtu aliyejiita Kimya.

Morgan hakumjua wala hakumpenda. Kimya aliendesha alfajiri, Jumapili hakugusa usukani, na matusi yote aliyotumiwa aliyajibu mara moja tu: "Punguza hasira kabla ya kona." Morgan aliamua huyo ni kijana asiye na kazi. Kazini watu walimpita vyeo naye akameza. Huyu alishindwa kummeza.

Adero alivuta pazia alilotundika kuficha ile kona ya sebule: kiti cha gari kuukuu, usukani, makanyagio na nyaya tele.

"Hizi takataka zenu! Melvin naye alienda Qatar akaacha ingine kama hii kwa sebule ya Mama. Saa hii nadhani kuku wanataga kwa hicho kiti."

Melvin alikuwa mdogo wake Adero. Morgan alianza upya, akagonga jiwe, akaanza tena. Saa tano na dakika arobaini na nne.

Alikuwa amevuka kilomita ya pili mlango ulipofunguliwa. Salamu zikafuata, kicheko, mfuko wa samaki ukapokelewa. Kwa akina Morgan, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mama huyu kuingia nyumba yake tangu mahari ipokelewe, na mwenye nyumba yuko peku nyuma ya pazia, anakimbiza gari lisilokuwepo.

"Na Baba Elsie yuko wapi?" sauti tulivu iliuliza.

"Yuko hapo nyuma, Mama. Ni heshima tu," Adero alidanganya.

Masikio ya Morgan yaliwaka kwa aibu. Angesimama, lakini daraja lilikuwa mbele yake, na angeishi vipi na nafasi ya pili maisha yake yote? Akakanyaga. Mngurumo wa injini ukajaa sebuleni. Upande wa pili, kijiko kiliacha kukoroga chai.

Ikabaki kona ya mwisho, ile iliyomtupa mtaroni mara zisizohesabika. Kwa mara ya kwanza alilegeza mguu mapema. Gari likapinda bila kelele, likanyooka, likapita.

Nusu sekunde. Alikuwa amemshinda Kimya kwa nusu sekunde! Jina lake lilipanda juu ya orodha, naye akaziba mdomo kwa kiganja asipige kelele, machozi yakimlenga. Zilibaki dakika tisa. Akachukua simu, akafungua ujumbe wa mchezo, akaandika: "Kimya, kanyagio si la kila mguu. Nenda ukalime." Akatuma.

Ng'ambo ya pazia simu ililia mlio mfupi. Mkoba ukafunguliwa, miwani ikatafutwa, ikapatikana. Morgan hakusikiliza sana. Alikuwa ameinama chini ya kiti akitafuta kiatu cha pili, moyo mweupe, tayari kutoka na kumsalimu mgeni kwa adabu zote anazostahili.

"Adero nyathina, mwanangu," ile sauti tulivu ikasema, "mwambie Baba Elsie aniachie hicho kiti. Bado dakika nane, na mimi nahitaji sita tu."