Gauni la Ubatizo

Kijiti cha grafaiti, nilichokitoa kwenye betri kavu ya redio, kilimomonyoka tena ndani ya beseni la asidi. Vipande vilivyoanguka havikupata umeme, na bila umeme havigeuki kuwa unga wa kunasa zebaki iliyoingia kisimani kwetu kutoka machimbo ya dhahabu hapa Kiabakari.

Nilihitaji mfuko wa kuvibana pamoja. Pamba ililiwa na asidi. Wavu wa dagaa ukalainika kama uji. Uzi wa poliesta wa gauni la ubatizo la binti yangu Hyasinta ndio pekee uliobaki mzima.

Kwenye kola kulikuwa na doa la maziwa aliyocheua. Miaka minne baadaye mikono ilimtetemeka mpaka akashindwa kushika kikombe, na tukamzika.

Nikafungua mkasi. Mama mkwe akanidaka mkono.

"Watoto wote wa nyumba hii walikuwaga wanabatizwa wakiwa na gauni hilo. Huyu wa tumboni mwako atavaa nini?"

"Mwache kwanza apate maji ya kunywa, mama."

Alilitazama lile doa la kwenye kola.

"Basi, kata."

Hasira ilikuwa imemtoka usoni, lakini vidole vyake juu ya mkono wangu vilikuwa bado vinatetemeka, kama vya Hyasinta.