Siri kwa King'ora

Gari la wagonjwa liliingia kijiji cha Bombo likipiga king'ora, likapita kanisa, likapita duka, likaenda kusimama katikati ya uwanja wa Mzee Anaeli, pale kwaya ilipokuwa ikifanya mazoezi. Sauti ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho kunyamaza.

Dereva, kijana aitwaye Idrisa, alishuka na machela.

"Shikamoo mzee. Tumemfuata mama mjamzito. Mimba ya miezi tisa."

"Marahaba. Umepotea. Hapa kuna mke wangu, binti yangu na mbuzi. Mwenye mimba ni mbuzi."

Kwaya ikacheka. Anaeli alikuwa mzee wa kanisa, na utani wake ulichekwa haraka.

Idrisa akaisoma simu yake upya. Ulikuwa mpango mpya wa kuwashusha wajawazito wa milimani hadi mjini Same kabla uchungu haujawakuta njiani. Zahanati inaandika kwenye kompyuta yake, taarifa zinaruka zenyewe hadi kompyuta ya magari, gari linaondoka. Wataalamu wa pande zote mbili walikaa hotelini wiki nzima kuziunganisha. Wakala kuku, wakapiga picha ya pamoja.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza Mzee Anaeli.

"Halitumwi, mzee. Siri ya mgonjwa. Tunaletewa jina la mkuu wa kaya tu. Anaeli, Bombo, tisa."

Kwa hiyo siri ilikuwa imelindwa vizuri sana, ikapandishwa mlimani kwa king'ora.

Idrisa akamtazama Agape, binti wa nyumba ile, aliyesimama na kitabu chake cha nyimbo. Kiuno chake hakikuwa na miezi tisa ya kitu chochote. Akampigia Chande, mtaalamu wa kompyuta kule mjini, akaweka sauti ya nje.

"Ngoja," alisema Chande. Vidole vilisikika vikigonga. "Ah. Zahanati wanahesabu mimba kwa wiki. Sisi tunahesabu kwa miezi. Wao wametuma tisa, sisi tumepokea tisa. Yaani hakuna aliyekosea."

"Kwa hiyo hakuna mgonjwa?"

"Yupo, kaka. Ila ana wiki tisa. Rudini tu."

Simu ikakatika. Safari hii hakuna aliyecheka. Macho ya kwaya nzima yalitua kwa Agape, ambaye kesho yake ndoa yake ilikuwa itangazwe kanisani kwa mara ya tatu.

"Mimi nilimwona zahanati mwezi huu," alisema Beatha wa sauti ya kwanza, kwa upole wa mtu aliyengoja zamu yake.

Agape akatazama chini.

"Ulifuata nini zahanati?" aliuliza baba yake.

Agape akatupa jicho mlangoni, kwa mama yake.

"Ni Elinaza? Mchumba wako ameshindwa kusubiri?"

"Elinaza yuko kazini Mtwara toka mwaka jana," alidakia Beatha.

Mzee Anaeli alivuta pumzi. Alipozungumza, ilikuwa ile sauti yake ya kanisani.

"Sawa. Kesho hakuna ndoa itakayotangazwa. Na leo hii unafungasha, Agape. Nimewatenga mabinti wa watu kwa jambo hili hili, wa kwangu hatapona. Na huyo mwanaume, awe nani, kesho atasimama mbele ya usharika mzima, watu wamwone."

"Hata awe na cheo?" aliuliza mkewe, Priska, akiwa mlangoni.

"Hata awe mchungaji."

Priska akafungua kanga ya jikoni, akaitundika mlangoni. Akampita binti yake, akamgusa bega, akapanda gari la wagonjwa na kukaa mbele.

"Nipelekeni hivyo hivyo," alimwambia Idrisa. "Siku ile Agape aliponisindikiza zahanati, nesi alisema kwa umri wangu presha ipimwe mara kwa mara."

Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Baba Agape, huyo mwanaume wako mwambie kesho avae koti la kijivu. Nimeshalipiga pasi."