Simu ya Mzee wa Kanisa

Felista alipiga simu kutoa taarifa ya kifo cha mama yake, akaimbiwa habari za bia.

"Leteni meza nyingine, kreti moja haitoshi!" Magitaa yakalia weee, mpaka Mzee Anyelwisye alipopokea na kuuliza kwa upole, "Nani mwenzetu?" Felista akatoa habari ya msiba huku hajui kama amepiga kwa mzee wa kanisa au amepiga baa.

Ile haikuwa simu ya mtu mmoja. Kijiji kizima cha Ngonga, likitokea jambo la ugonjwa, msiba au kikao, aliyepigiwa ni mzee huyo. Na ubaya wa hizi nyimbo za kwenye simu ni kwamba mwenye simu hazisikii hata chembe. Wanaousikia wimbo ni wale wanaompigia.

Siku ya maziko Felista alimvuta pembeni Damari, mke wa mzee. "Mama, simu ya baba inaimba muziki wa baa. Na anayeimba ni..."

Damari alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua kosa ni lake.

Mtoto wao Ipyana alikuwa mwalimu wa kwaya. Wiki mbili kabla ya Pasaka aliitelekeza kwaya, akaenda Mbeya kuimba dansi. Mzee alisimama mbele ya usharika akasema hana mtoto wa jina hilo, na nyumbani akapiga marufuku asitajwe wala asipigiwe. Hata waliozoea kumwita mkewe Mama Ipyana wakaanza kumwita Damari, kama msichana ambaye hajazaa. Lilimuuma hilo, tena sana.

Lakini mama ni mama. Kila alipoipeleka simu ya mumewe kuchajiwa mjini Kyela, dukani kwa Zubery, alimpigia mwanawe dakika mbili tatu. Namba aliihifadhi kwa jina la "Vyungu Ikombe", ili mzee akiiona adhani ni ya wale akina mama wauza vyungu wa Ikombe.

Siku moja Ipyana alichelewa kupokea. Badala ya mlio ukaja wimbo, na ndani ya wimbo sauti ya mwanawe mwenyewe. Kisha dada mmoja akasema kwa maringo: bonyeza nyota uupate wimbo huu bure kwa siku saba. Damari akabonyeza, akidhani anaongezewa muda wa kumsikiliza mtoto. Bure, nani anakataa? Kumbe ameiunganisha simu ya mzee na wimbo ule, na siku saba zilipokwisha kampuni ikawa inachota salio kila siku bila hodi.

Sasa mke wa mzee wa kanisa, mwenye wajukuu, anamwibia mumewe salio kwa ajili ya nyimbo za ulevi! Alikosa pa kuuficha uso. Na angekiri vipi? Ingembidi aseme alimpigia nani, na hapo dakika zile mbili tatu alizobakiwa nazo na mwanawe zingekwisha kabisa.

Alhamisi alifika dukani. "Zubery, kuna simu ya jirani yangu..."

"Jirani yako ndiye Mzee Anyelwisye?" Zubery akacheka. "Mama, mimi nikimpigia nausikia. Wallahi, wimbo mtamu."

"Uondoe, mwanangu. Nakuomba."

Zubery akatuma neno ONDOA, kisha akajaribu kupiga kwa simu yake. Ikaita kama simu za watu wenye heshima zao. Damari akamshukuru, "Ndaga fijo," na tangu siku hiyo hakuigusa tena ile namba ya mwanawe.

Jumapili, kanisani, mke wa mchungaji akamnong'oneza kwamba alipiga jana yake na kulakiwa na magitaa. Damari aliimba nyimbo zote tatu za ibada ameinamia kitabu, asimwone mtu. Jumatatu akarudi kwa Zubery, wimbo ukaondolewa. Baada ya siku nne, ukawa umerudi! Ukaondolewa tena.

Kilichomshangaza ni mzee. Mtu huyu, sukari ikipungua vijiko viwili anauliza, lakini salio linayeyuka naye ananunua vocha nyingine kimya. Halafu simu, ambayo zamani aliidaka kabla haijaita mara ya pili, siku hizi aliiacha iite na kuita mkononi mwake, mpaka inakaribia kukatika ndipo anapokea. Masikio yameanza kuchoka, Damari alijiambia, na kwa aibu aliyokuwa nayo akaona heri iwe hivyo.

Wiki ya tatu aliingia dukani kwa Zubery akiwa amevimba. "Kampuni yenu ni ya wezi! Mnauondoa, wanaurudisha!"

"Si yangu, mama, tulia kwanza." Zubery akafungua ujumbe mmoja baada ya mwingine, akakunja uso. "Huu wimbo haujirudishi wenyewe. Lazima mtu achukue simu hii, ampigie huyu Vyungu Ikombe, ausikie, halafu abonyeze nyota. Si wewe?"

"Haki ya Mungu, sijampigia tangu siku ile ya kwanza ulipouondoa."

"Basi kuna mtu. Kila nikiuondoa, siku chache baadaye anajiunga upya. Mara ya mwisho ni jana, saa kumi na moja jioni."

Jana saa kumi na moja jioni Damari alikuwa msibani Makwale na wanawake wote wa usharika. Nyumbani alibaki Mzee Anyelwisye peke yake na simu yake, aliyesema mgongo unamuuma.