Namba Saba Hajaitika

Wazee sita walikuwa tayari wamejipanga ndani ya lifti. Wa saba, Mzee Hazim, alikuwa nje amekumbatia nguzo kama mtoto siku ya kwanza ya chekechea.

"Mzee wangu, ukumbi uko ghorofa ya thelathini na moja," Wangari alimwambia. "Ukipanda ngazi utafika sherehe ya mwakani."

Wangari alikuwa mlinzi wa hoteli hiyo ya Al Barsha, nchi za Waarabu. Siku hiyo meneja alimpa kazi moja tu: kuwafikisha juu salama wazee waliowahi kuwa wanamaji wa nyambizi. Nyambizi ya nchi gani, hawakusema. Siri za chini ya bahari, walidai, hazistaafu.

"Mwanangu, lifti hii imepata kukwama?" Mzee Hazim aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, cha wazazi wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyezikataa lifti za vioo za wageni, eti zinamtia kizunguzungu. Akataka hii ya mizigo, yenye kuta za chuma. Sasa hata hii anaiogopa.

"Mwaka mzima napanda nayo, mzee. Haijawahi. Nakuapia kwa mama yangu, yuko Nyeri anakunywa chai saa hii."

Kiapo hicho ndicho kilichomng'oa kwenye nguzo. Aliingia, akasimama ubavuni mwa vitufe, akaanza kuuliza kama mtu anayenunua simu.

"Hiki?"

"Kengele."

"Hiki?"

"Feni."

"Na hiki chekundu?"

"Hicho kinasimamisha lifti mpaka ukiachie. Usikiguse, mzee, nina kazi ya kulinda."

Wazee wakacheka. Mlango ukajifunga. Ghorofa ya tano. Ya tisa. Ya kumi na nne.

Kisha mshtuko, na kimya.

Taa haikuzimika. Feni haikuzimika. Lifti tu ndiyo iligoma.

Mzee Hazim alibandika mgongo kwenye vitufe, macho yakamtoka, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Pumzi ilimtoka vipande vipande.

"Nipishe kidogo, mzee, nibonyeze kengele."

Hakusikia. Alikuwa ameganda pale kama stika. Wangari akashika redio, akamwita mwenzake wa chumba cha ulinzi.

"Ramathan! Tumekwama!"

"Pole, dada. Fundi yuko kwenye foleni. Nusu saa, inshallah."

"Inshallah ya kweli au ile ya arbab, bosi wetu, akiulizwa likizo?"

Ramathan akashusha sauti. "Ile ya arbab."

Wangari alivua kofia akampepea mzee. Akampa maji, yakamwagikia tai. Mafunzo yake ya huduma ya kwanza yalikuwa ya kuungua na kuvunjika. Hakuna aliyemfundisha cha kufanya mtu akizama ghorofa ya kumi na nne. Alichokuwa nacho ni kiapo, nacho kilishavunjika. Mzee huyu akimfia humu, atamwambia nini mama yake?

Mzee Soud, aliyekuwa nahodha wao, alimvuta kando. Kando yenyewe ilikuwa hatua moja. Naye alikuwa na Kiswahili cha Unguja.

"Usijilaumu, binti. Ugonjwa huu nilimtia mimi. Miaka arobaini iliyopita chombo chetu kilikwama chini ya bahari. Taa zikazimika, maji yakaanza kuingia. Kwetu taa zikizimika, mnahesabu. Kila mtu na namba yake, ijulikane nani yu hai. Sita waliitika. Hazim ndiye saba. Kimya. Nikajua keshakufa, nikafunga mlango wa chumba chake ili maji yasitufikie sisi."

Wangari akaacha kupepea.

"Kumbe yu hai. Hofu tu ilimkaba sauti. Alikaa mle peke yake saa kumi na moja, mpaka tulipookolewa. Tangu siku ile hapandi lifti, wala hajatia mguu kwenye mikutano yetu. Nasi kila mwaka twahesabu, tukifika kwake twanyamaza. Leo ndo kaja, na lifti nayo..."

Hakumaliza. Alimwendea Hazim, akanyoosha mikono yote miwili. Hazim akampa mmoja tu, wa kulia.

Mazoea hayana adabu. Mzee Soud akajikuta anahesabu, polepole, "Wahid."

Nyuma yake mwingine akaitika. Kisha mwingine. Wangari hakujua Kiarabu zaidi ya yalla, yaani twende, na khalas, yaani yamekwisha, lakini "sitta" aliielewa, na alijua baada ya hapo kinachofuata.

Hakikufuata.

Wazee waliinamisha vichwa. Kimya hicho walikizoea. Wangari ndiye aliyekuwa hajakizoea. Alijiziba mdomo asije akaitika badala ya mtu.

"Sab'a."

Ilitoka nyembamba, kama mluzi wa birika.

"Sab'a!" Mzee Hazim akarudia, na safari hii chuma chote cha lifti kikasikia.

Mzee Soud alimwangukia begani akalia kwa sauti. Mwingine alipenga kamasi kwenye tai yake mwenyewe. "Khalas, ndugu yangu," nahodha alisema. "Khalas."

Lifti ikaanza kupanda.

"Wangari!" redio ikakoroma. "Nimemrudisha fundi. Mashine huku inaonyesha lifti haina ugonjwa wowote. Swichi nyekundu ilibanwa humo humo ndani, muda wote."

Wangari akageuka. Mzee Hazim alikuwa anautoa mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, taratibu, na kwenye kidole gumba duara la swichi lilikuwa bado limechoreka.