Centella Anatafutwa

“Nifungeni na mimi!” mwanamke alisema, akaipiga kaunta kwa kiganja. “Wanaume wote mmewaweka ndani, mimi mnaniacha kwa nini?”

Sajini Berríos aliitua alcapurria yake, kitafunio cha kukaangwa chenye nyama ndani, ikaendelea kuchuruzika mafuta juu ya gazeti.

“Mama, hapa watu huja kuomba watolewe.”

“Mimi naomba kuingia. Mimi ndiye Centella.”

Askari wa zamu waligeuka wote kumtazama. Kisha wakaangua kicheko.

Tangu asubuhi polisi walikuwa wakipita kwenye maduka ya muziki ya San Juan, wakikusanya kanda za rege ya Kihispania, muziki ambao baadaye dunia ingeuita regetoni. Kila ambaye jina lake lilikuwa kwenye jalada alikuwa ameshakamatwa. Wote walikuwa wanaume. Lakini wimbo uliomkasirisha kamanda, ule uliokuwa ukilia kwenye kila gari, uliimbwa na mwanamke, wa kwanza kusikika katika kanda hizo. Jina lake halikuandikwa popote. DJ aliyetengeneza kanda alisema jina la kike haliuzi. Watu walimjua kwa neno moja tu alilolipigia kelele wimbo ukianza: Centella. Kamanda alimtaka kabla ya jioni.

“Centella ni msichana,” sajini alisema. “Vijana wangu wako kwenye maghorofa ya Los Almendros sasa hivi, wanagonga mlango hadi mlango.”

“Waite warudi. Wanamaliza petroli bure.”

“Kwani wewe una umri gani, mama?”

“Kanda inauliza umri?”

“Hebu jiangalie.” Sketi yake ilifika kwenye vifundo vya miguu. Nywele alizifunga kisogoni, na usoni hakuwa na hata chembe ya poda. “Umetoka kanisani wewe.”

“Ndiyo, nimetoka kanisani. Nani kakwambia wanaoimba hawasali?”

“Basi na mimi ni mfalme wa Uhispania!” askari mmoja alidakia kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Mwanamke huyo, Iraida Maldonado, alihisi machozi ya hasira yakimlenga. Njia nzima, juani, alikuwa amejiandalia majibu. Alikuwa tayari kutukanwa, kusukumwa, hata kupigwa pingu. Kuchekwa hakukuwa kwenye hesabu zake.

“Weka kanda,” alisema.

“Mama, nina kazi.”

“Nimesema weka kanda! Kama siyo mimi, nitaondoka mwenyewe.”

Sajini alichomoa kanda moja kwenye boksi la vitu vilivyokamatwa, akaitumbukiza kwenye redio iliyokuwa mezani. Ngoma ikaanza kudunda. Iraida alifumba macho, akaingia pale pale ilipoingia sauti ya kanda:

“Bwana kamanda, kitambi mbele, akili nyuma,
umevunja redio yangu, bado ngoma inavuma!”

Kicheko kilikatika. Hakukosea hata neno. Alijua pa kupumua, alijua pa kuvuta, alijua ngoma inapokatika na inaporudi. Mstari wa tatu tu, ule unaomtaja mama yake kamanda, aliumumunya.

“Hapo mbona umemeza maneno?” sajini aliuliza.

“Kuna watu hapa.”

“Wimbo huu kila mtu anaujua,” sajini alisema, akizima redio. “Binti yangu anauimba akiosha vyombo. Niende nikamfunge?”

“Mna nini ninyi?” Iraida aliipiga kaunta tena. “Mwanamke akiimba, hamtaki kuandika jina lake. Mkimtafuta, hamtaki kuamini ni yeye. Afanye nini ndiyo mmuone? Haya, mleteni Papo. Si ndiye aliyeitengeneza kanda? Mumuulize yeye.”

Papo aliletwa akiwa na pingu, kofia yake imegeuzwa nyuma. Alipomwona Iraida aliivua haraka.

“Doña Iraida! Umefuata nini huku?”

“Waambie Centella ni nani.”

Papo alimtazama. Akamtazama sajini, kisha akarudisha macho kwa Iraida. Kijana huyu aliyeweza kusema chochote mbele ya kipaza sauti sasa alikuwa akikunja kofia mikononi.

“Sema, Papo,” Iraida alisema taratibu. “Siku zote hizi umelificha jina. Leo litaje.”

“Ni yeye,” Papo alisema hatimaye. “Anayeimba ni huyu. Na maneno kaandika mwenyewe, yote.”

“Na hiyo Doña ya heshima, kama kwa mama mtu mzima, inatoka wapi?”

“Sajini, wewe ungemwitaje?”

Sajini alimkagua Iraida tena kuanzia sketi hadi kisogo, akashusha pumzi, akachukua redio ya upepo.

“Rudini kituoni. Tumempata.” Redio ilikwaruza. “Ndiyo, nina uhakika, kaja mwenyewe! Acheni milango ya watu.”

Iraida alijiketisha kwenye benchi. Mabega yake yalishuka.

“Haya, umefurahi?” sajini alisema, akiandaa pingu za kumfunga. “Kesho utakuwa gazetini.”

“Wataandika Centella kakamatwa?”

“Kwa herufi kubwa.”

“Basi.”

“Unaruhusiwa kupiga simu moja. Mpigie wakili.”

Iraida alipiga namba bila kufikiri, akaugeukia ukuta, akaifunika simu kwa kiganja.

“Wameshaondoka hapo?” alinong'ona, akasikiliza. “Haya, toka chini ya kitanda, mwanangu, uwahi studio. Centella ameshakamatwa.”