Mwezi Uko Uani

Bi Mwanakombo alikuwa hoi kitandani, na alitaka jambo moja tu: auone mwezi mpya kabla hajaenda zake. Basi jua lilipokaribia kuzama, mumewe, Mzee Vuai, akakiburura kitanda hadi mlango wa mbele, pale walipozoea kuutazama mwezi mpevu ukichomoza. Wakangoja. Mashariki kukazidi kuwa giza.

Jirani yao Siwema akaita kutoka uani, "Jamani, mwezi umeandama, na huo unazama."

"Huko nyuma?" Mzee akashika kichwa.

"Mwezi mchanga huonekana magharibi, baba Haji," mkewe akasema taratibu.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulivyohangaika na kitanda, jasho linakutoka. Nikakuonea huruma."

Kitanda hakikupita mlango wa uani. Akamnyanyua mikononi, mwepesi kama kanga iliyoanuliwa. Walipofika nje, mwezi ulikuwa umeshagusa paa la Siwema.

"Unauona?"

Macho ya mkewe yalikuwa wazi, hayapepesi tena. Mzee akabaki amesimama naye, akizidi kumwinua juu kadiri mwezi ulivyozidi kushuka.