Homa ya Saa Tatu

Mgonjwa alikuwa amelala chali, blanketi hadi kidevuni, na miguuni amevaa viatu vya visigino virefu.

Juu ya viatu kulikuwa na sketi ya suti, juu ya sketi koti lake, vyote vimepigwa pasi vikanyooka. Mkoba wenye vyeti alikuwa ameusukuma mvunguni. Basi la kwenda jiji kubwa lilikuwa linaondoka saa tatu asubuhi, kesho yake alikuwa na usaili huko, na hapa chumbani wageni hawaishi.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alfajiri alimtumia meneja wa ofisi ya maji ujumbe: "Bosi, leo siwezi kuja, tumbo limenikamata." Kwenye miji ya watu, ujumbe kama huo hujibiwa "pole" na mambo yakaisha. Huu wa kwao sasa! Huu ndio mji ambao taa za kuongozea magari zilipofungwa, watu walibeba viti kwenda kuzitazama zikibadilika rangi. Ukipiga chafya sokoni, ukifika nyumbani unakuta dawa mlangoni, na mtu ameketi anakusubiri uimeze.

Ndiyo maana karani huyu alijipanga. Kazi ya jijini alikuwa hajaipata bado, na ya hapa haitaki, ila ndiyo inayomlisha. Usaili ukigoma, arudi kimyakimya kwenye meza yake, asikilize watu wakilalamikia mabomba yao, asichekwe na mtu. Kwa hiyo siri yake aliikatakata. Suti aliipeleka kwa dobi wa upande wa pili wa mji. Vyeti alivitoa nakala kwenye kibanda cha fotokopi karibu na stendi. Tiketi alikata kwa jina la marehemu bibi yake. Kila mtu akapata kipande, hakuna aliyepata siri nzima. Alijipongeza sana kwa akili hiyo, peke yake, mbele ya kioo.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mwenye nyumba.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Hivyo hivyo, mama." Akakohoa, kisha akakumbuka kwamba anaumwa tumbo, akalishika.

Mama akamgusa kwenye paji la uso. "Mh! Jasho lote hili!"

Nani asingetoka jasho na suti ndani ya blanketi?

"Nimekuletea mayai ya kuchemsha. Nimeyafunga vizuri, hata yakirushwarushwa hayapasuki."

Mayai, kwa mtu anayeumwa tumbo. Na nani atayarusha? Karani akashukuru, huku moyoni akisema, ndiyo akili za huku hizi.

Akafuata dobi. Dobi! Alikuwa ameukata mji mzima kwa baiskeli kuja kumjulia hali mteja wa siku moja. Akasimama kofia mkononi, akamkabidhi mtandio mzito.

"Ujifunike, dada. Baridi ya usiku si mchezo."

"Dirisha langu linafungwa vizuri, kaka."

"Hata hivyo." Akamtazama kwa huruma. "Na usilale ubavu. Mikunjo ya ubavuni huwa haitoki."

"Mikunjo gani?"

"Ya tumbo," akajibu dobi, akaangalia dari.

Kisha akaingia mke wa meneja, bila hodi, kama mke wa meneja. Karani akavuta blanketi hadi puani. Katika watu wote wa mji ule, huyu ndiye hasa hakutakiwa kunusa chochote.

"Meneja amesikitika sana. Amesema usijipe presha na mambo ya ofisi."

"Mwambie keshokutwa nitakuwa nimepona, mama."

"Wewe! Keshokutwa ya nini? Pona kabisa. Meza yako haitakaa na vumbi hata siku moja."

Akamkumbatia kwa nguvu, blanketi na vyote, machozi yakimlengalenga. Kwa tumbo tu! Mtu akifa kweli mji huu, sijui watapata wapi machozi mengine.

Wala hawakuondoka. Mama mwenye nyumba akakalia ukingo wa kitanda, mke wa meneja akakalia kiti, dobi akaegemea kabati, wakaanza kubishana ni upande gani wa basi haupigwi na jua. Ya basi, jamani! Mazungumzo yote duniani yameisha? Wangekuwa wanamtesa makusudi wasingefanikiwa hivi.

Saa tatu ikafika ukutani. Ikapita. Mgonjwa akaitazama ikipita, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaumwa kweli. Basi limeenda, na usaili umeenda nalo. Atazeekea hapahapa, katikati ya watu wema na mabomba yaliyopasuka. Akafumba macho, akajifariji kwa kitu kimoja kilichobaki: angalau hakuna aliyejua, na meza yake ipo palepale.

Honi ikalia nje ya dirisha, nzito, vioo vikatetemeka.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume mnene, funguo zikizunguka kidoleni, akawasalimia wote kama watu aliokuwa nao jana.

"Dada, sasa hiyo homa inaisha saa ngapi? Abiria wote wamo ndani ya gari, tunakusubiri wewe tu. Siti yako ya dirishani ipo, jina la bibi tumelifuta."

Akainama mvunguni, akauvuta mkoba bila kuuliza ulipo.

"Halafu kuna ujumbe kutoka ofisi ya maji. Mpwa wa meneja amekalia kiti chako toka asubuhi, anaomba umwambie: ufunguo wa droo ya meza yenu huwa mnauweka wapi?"